Mchezaji wa Akiba wa Otobetsu

Kila alipoanguka, Orie Sugawa aliipapasa barafu. Kabla hajajikung'uta, kabla hajageuka kutazama nani ameona, alinyoosha kiganja na kupapasa polepole pale alipoangukia, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyemkanyaga bila kukusudia. Alianza akiwa mdogo, viatu vyake vya barafu bado vinavaliwa na soksi mbili ili vimkae. Hakuacha. Miaka mingi baadaye nilimwona akiteleza mbele ya duka la samaki, mwezi wa pili, vitunguu vikamwagika barabarani. Aliipapasa njia kwanza, kisha ndipo akaanza kuokota vitunguu. Muuza samaki akacheka. Orie akaiva uso mpaka masikioni.

Alikuwa mtu wa kuona haya. Wengine haya huwajia na kupita. Yeye ilimkaa, kama baridi inavyokaa kwenye nyumba ya mbao hata jiko likiwaka.

Otobetsu ni mji wa mbio za barafu. Maji ya uwanja wa shule hugandishwa na baba za watoto wenyewe, wakitoka kazini na mipira ya maji mabegani, na mtoto wa hapa hujua sekunde kabla hajajua majina ya miezi. Karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kushindana na saa. Katika mji kama huu, binti anayevaa gauni la kumeta na kuzunguka mahali pamoja huku santuri inalia anaonekana kama aliyepotea njia akienda mahali pengine. Orie alijifunza kwa kocha wa Sapporo, Mwalimu Tsurumi, ambaye Orie alimfuata kwa basi kila mwisho wa juma. Siku nyingine alifanya mazoezi peke yake katika ukumbi wetu wa barafu, alasiri, kabla ya wavulana wa hoki.

Muda huo alipewa na Mzee Horiuchi, msimamizi wa ukumbi. Ujanani Mzee Horiuchi alikuwa mkimbiaji wa barafu, na mapaja yake yalikuwa bado makubwa kiasi kwamba suruali zake zilishonwa kwa vipimo maalumu. Alimwita Orie "Pia," kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba.

"Wee Pia!" alipiga kelele kutoka kwenye mashine ya kulainisha barafu. "Umezunguka wee! Umefika wapi?"

"Nimefika hapa hapa, mzee."

"Basi hata nauli sikudai. Toka, nisafishe!"

Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumcheka Orie mbele yake. Mvulana mmoja wa hoki aliwahi kuigiza anavyonyoosha mikono, na Mzee Horiuchi akamfanya azoe theluji yote ya mlangoni. Vyuma vya viatu vya Orie alivinoa mwenyewe. Vyuma vya mchezo wake vina mfereji katikati, si kama vya mbio, na mzee alijifunza kuvinoa akiwa na miaka sitini, akilaani na kufuta jasho.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha muziki. Nilifundisha piano shuleni, na alasiri nilikaa katika chumba kidogo cha muziki juu ya ukumbi, nikimkatia Orie nyimbo zake ziingie katika muda unaotakiwa. Ndivyo tulivyozoeana. Aliniita dada Nobue.

Mwaka aliofikisha miaka kumi na minne, lengo lake lilikuwa moja tu: kupita katika mashindano ya kanda ya Mashariki ili aende mashindano ya taifa ya vijana. Hakuna mtu wa Otobetsu aliyewahi kwenda huko kwa mchezo ule. Mzee Horiuchi aliulizia alama za mtu wa mwisho aliyepita mwaka uliotangulia, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: THEMANINI.

"Hiyo ndiyo saa yako, Pia. Ukiivuka, umepita."

"Mzee, kwetu si hivyo hasa. Wanachukua wale wa juu. Ukiwa na themanini na wenzako wakawa na tisini..."

"Alama ni alama."

"Ndiyo, mzee."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijua, lakini kumsahihisha mtu mzima mara ya pili lilikuwa jambo lililomshinda kuliko kuruka na kuzunguka mara mbili hewani.

Siku ya Mashariki nilikuwa ofisini kwa Mzee Horiuchi simu ilipolia. Alikuwa Fumiyo, mama yake Orie, aliyemsindikiza. Sauti yake ilisikika mpaka niliposimama.

"Ngapi?" mzee akauliza. "Sema tena. Themanini na ngapi? Na tatu!"

Akakata simu. Akachukua kitambaa cha kufutia vyuma, akajifuta macho nacho, akabaki na mstari mweusi shavuni. Kisha akampigia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akapiga simu ofisi ya mji. Mimi nami nilipiga makofi. Nilijua muziki, namna wanavyohesabu sikuijua.

Kwa watu wa saa, ukishavuka muda uliowekwa hakuna wa kukunyang'anya. Akimbie nani baada yako, wako ni wako. Lakini kule, Fumiyo alipopiga simu ile ya furaha, kundi la mwisho lilikuwa bado halijacheza. Wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja akamshusha Orie ngazi moja. Wa mwisho kabisa alikuwa msichana wa Yokohama, Ryoka Hatae, ambaye asubuhi ile alimpa Orie utepe wa kufungia kamba za viatu baada ya wa kwake kuisha. Ryoka alimpita kwa alama ambazo hata haifai kuzitaja, kidogo mno. Orie akatangazwa mchezaji wa akiba wa kwanza: aende nyumbani angoje, na mmoja wa waliopita akishindwa kwenda, ataitwa. Ryoka akamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akainamisha kichwa, akasema, "Pole." Hilo tu.

Katika ndege mama na binti walipanga maneno watakayosema. Fumiyo angesema, "Amejitahidi, imebaki kidogo," na Orie angeinama. Waliyarudia mara kadhaa. Halafu basi likaingia Otobetsu, na kabla halijasimama waliona bango.

Lilikuwa kitambaa cheupe chenye herufi nyekundu, kimetundikwa kutoka paa la shule mpaka madirisha ya chini, kama shule zetu zinavyofanya mwanafunzi wao akifika taifa: HONGERA ORIE SUGAWA, MASHINDANO YA TAIFA YA VIJANA. Kituoni palikuwa na watu tele. Nami nilikuwepo.

"Huyo! Huyo anashuka!"

"Mpisheni mizigo, jamani!"

"Pia! Njoo nikuone! Nilisema nini mimi? Alama ni alama!"

Mke wa muuza tofu akamshika Fumiyo mikono yote miwili. "Mama Orie, umezaa, mwenzangu! Wangu mimi kitu anachoweza ni kula tu."

Fumiyo alifungua mdomo. Nilimwona. Midomo ilitengeneza neno, kisha ikatengeneza jingine.

"Asanteni," akasema, akainama. "Asanteni kwa kutuhangaikia hivi."

Orie alikuwa nyuma yake, anatazama bango, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mwacheni mtoto," Mzee Horiuchi akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mwacheni alie furaha yake."

Nyumbani, baba yake, Tetsuji, aliyekuwa akiendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, alikuwa tayari amefika, amelewa, na ana huzuni. Yeye alikuwa ameshajua kwa simu ya pili ya mkewe.

"Nilitaka kuwaambia," alisema. "Nilifungua mdomo pale kiwandani, wakanimiminia bia."

"Kesho," Fumiyo akasema. "Kesho nitakwenda kwa mwalimu mkuu."

Kesho yake mwalimu mkuu alikuja yeye kwanza, na sanduku la machungwa. Keshokutwa yake watoto wa shule ya msingi walileta korongo wa karatasi wa kumtakia bahati, walioshonwa pamoja kwa uzi, wengi hata mtu hawezi kuwakumbatia wote. Darasa lake lilitia saini bendera. Mchinja kondoo alileta nyama akakataa kuingia ndani, akaiacha mlangoni na kukimbia. Kila zawadi ilikuwa jiwe juu ya jiwe. Kusema siku ya kwanza kungekuwa kumsahihisha Mzee Horiuchi mmoja. Kusema sasa ilikuwa kuusahihisha mtaa mzima. Halafu chama cha mtaa kikakodi basi. Litavuka kwa feri hadi Sendai, walisema, watu waende kumshangilia.

Njia ya Orie kwenda shule ilipita chini ya bango lile lile. Alipofika pale aliinama kidogo, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Walimu walidhani ni unyenyekevu, wakamsifu.

Nilikuja kuyajua haya yote kwa sababu ya wimbo. Mwalimu mkuu alitaka bendi ya shule ipige muziki wa Orie kwenye mkutano wa kumsindikiza, nami nikaandika sehemu za tarumbeta na filimbi. Nikamwonyesha Orie katika chumba cha muziki. Alitazama zile karatasi kama mtu anayeonyeshwa picha ya ajali.

"Wasipige, dada."

"Kwa nini? Si wimbo wako?"

"Siendi."

Nikadhani ameumia. Nikamtazama miguu.

"Sikupita. Mimi ni wa akiba," akasema. Kisha maneno yakamtoka yote, kwa mpango mbaya, ya mwisho yakitangulia: machungwa, mama, ndege, simu, utepe. Chini yetu wavulana wa hoki walikuwa wakigonga ukuta wa mbao. Nilimwuliza nini kinachomtesa zaidi, maana niliona bado kuna kitu.

"Hekaluni," akasema.

Jumapili iliyotangulia mtaa mzima ulikwenda naye kwenye hekalu dogo la mlimani. Nilikuwepo pia. Tulipiga makofi, kama ilivyo desturi ya kuomba, tukafumba macho, kila mmoja akamwombea Orie ashinde.

"Nyote mlikuwa mnaniombea mimi. Na mimi niliomba mmoja wao aanguke." Alisema akiangalia vitufe vya mashine yangu ya kukatia nyimbo. "Na si mmoja tu, dada. Nilimtaja jina. Nilimtaja Ryoka Hatae, wa Yokohama, ili miungu wasije wakakosea mtu."

Sikucheka, ingawa baadaye, nikiwa peke yangu, nilicheka na nikajisikia vibaya.

"Itabidi useme, Orie. Kuhusu bango. Basi likiondoka utasema nini, umeketi huko juu na bendera yako?"

"Najua. Nitasema. Watu wote wa hapa... nitawaambia kabla ya basi."

Hakusema atasema wapi, nami sikuuliza.

Siku iliyotangulia mkutano wa kumsindikiza, Mwalimu Tsurumi alipiga simu kutoka Sapporo. Ryoka Hatae amevunjika kifundo cha mguu mazoezini. Orie ajiandae, nafasi ni yake.

Fumiyo alikaa chini sakafuni jikoni, aproni yake ina maji, akalia kwa furaha mpaka akakosa pumzi. Haya Orie alinisimulia siku ile ile, amekuja mbio bila koti.

"Sasa si uongo tena," mama yake alimwambia. "Unasikia? Imekwisha. Sasa ni kweli."

"Mama, siku zote hizi ulikuwa uongo."

"Nani anajua? Niambie, nani anajua? Sisi watatu na Nobue."

"Na Ryoka."

"Ryoka yuko Yokohama!"

"Na mguu wake uko huko huko, mama."

"Kwani wewe ndiye uliyeuvunja? Eh? Umevunja mguu wa mtu ukiwa Otobetsu?"

Mambo ya hekaluni Orie alikuwa hajamwambia mama yake. Tetsuji, aliyekuwa akivua viatu vyake vya kazi mlangoni, alisema tu, "Fumiyo, mwache," akaenda kuoga.

Nilimwambia Orie kwamba mama yake hakukosea kabisa. Kwamba sasa anakwenda kweli, na kama akinyamaza hakuna atakayeumia. Nilitaka kumpumzisha. Alitikisa kichwa.

"Mwanzo nilikuwa naona haya kwa sababu siendi. Sasa naona haya kwa sababu naenda. Nikinyamaza, nitakwenda kucheza huku nimevaa mguu wa mtu."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule. Tuliacha viatu mlangoni, tukapewa ndara za wageni zilizo baridi kama samaki. Meya alizungumza. Mwalimu mkuu alizungumza. Kisha Mzee Horiuchi akapanda jukwaani kwa suti inayonuka dawa ya nondo, suruali imembana mapajani.

"Mimi ni mtu wa saa," alisema. "Huyu binti alipoanza, nilidhani anaharibu barafu yangu. Wenzake wanakwenda mbele, yeye anazunguka." Watu wakacheka. "Nikamwuliza, Pia, umefika wapi? Akasema, hapa hapa. Sasa mimi namuuliza tena mbele yenu. Pia! Umefika wapi?"

Alimnyooshea kipaza sauti. Kila mtu alijua jibu linalotakiwa: Nimefika taifa. Makofi yalikuwa yameshaanza kujiandaa mikononi. Bendi ilikuwa imeinua tarumbeta.

Orie aliinama kwanza, chini sana.

"Mlipotundika bango," alisema, "sikuwa nimepita. Nilikuwa wa akiba. Mama alipopiga simu mashindano yalikuwa hayajaisha, na mwisho nilishuka. Tulitakiwa tuseme kituoni. Hatukusema. Machungwa yenu tumekula, nyama tumekula. Jana mwenzangu aliyenipita amevunjika mguu, ndiyo maana naenda. Samahanini sana." Akainama tena, na hakuinuka.

Nilisikia jiko la mafuta likiunguruma nyuma ya ukumbi. Mtoto mdogo aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo hakushinda?" akazibwa mdomo. Fumiyo alikuwa amefunika uso. Tetsuji alisimama kutoka kwenye kiti chake na kuinama pale pale alipokuwa, kuelekea watu wote.

Nilitarajia hasira, au kicheko. Kilichokuja ni kwamba macho ya ukumbi mzima yalimwacha Orie na kwenda kwa Mzee Horiuchi. Hakuna aliyetaka kufanya hivyo. Lakini kila mtu alikuwa akikumbuka ile simu, na ubao wa chaki, na nani alizunguka maduka yote akitangaza. Mzee alikuwa bado amenyoosha kipaza sauti. Alikishusha polepole, akakiweka sakafuni, kwa sababu hakujua pa kukiweka.

"Kosa ni langu," alisema bila kipaza sauti. "Nilikata simu kabla ya wakati. Aliwahi kuniambia, huyu binti. Aliniambia kwetu si hivyo. Sikusikia." Akainama mbele ya meya, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wavulana wa hoki aliokuwa akiwafanya wazoe theluji. Alikaa ameinama muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazama miguu yao.

Mwalimu mkuu alipiga makofi, machache, akaacha. Mzee Horiuchi alishuka akatoka nje na ndara zile zile za wageni. Tulipomfuata tulimkuta anafungua kamba za bango, peke yake, upepo unalivuta kitambaa kumfunika kichwa.

"Mzee, acha bwana!" mchinja kondoo akamwita. "Si anakwenda sasa? Liache, ni kweli sasa!"

"Lilitundikwa siku ya uongo."

"Lakini leo..."

"Basi litundikeni leo. Lakini si mimi." Akaendelea kufungua.

Walimu walilitundika tena baadaye, limeinama upande mmoja. Mtaa haukumkasirikia Orie. Mke wa muuza tofu alisema ana moyo wa kiume, wengine wakasema wangekuwa wao wangenyamaza, na basi likaenda kama lilivyopangwa. Mzee Horiuchi hakupanda. Alisema mashine ya barafu haiwezi kukaa bila mtu. Kabla ya safari alikwenda nyumbani kwa kina Sugawa na sanduku la maandazi ya maharage matamu, akapiga magoti pale panapoachwa viatu, na Fumiyo naye akapiga magoti, na wote wawili wakabaki hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza. Orie aliwaona akiwa kwenye ngazi. Alirudi juu akajifunika.

Kule Sendai alicheza siku moja tu. Alama hazikumfikisha siku ya pili. Aliruka vizuri mwanzoni, akaanguka mara moja, na alipomaliza watu wetu walipunga bendera kwa nguvu kuliko watu wa washindi. Katika korido alimkuta Ryoka na magongo, amekuja kuwatazama wenzake.

"Wewe ndiye wa Otobetsu," Ryoka alisema. "Umecheza vizuri ule mwanzo."

Orie akamwambia. Hakungoja. Hekaluni, macho yamefumbwa, kwa jina lako.

Ryoka alitazama plasta ya mguu wake. "Ungeomba mafua basi," akasema. "Mafua yangetosha." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio njiani, akamwomba Orie amshikie gongo moja ili apate kufuta pua. Orie alilishika. Msamaha Ryoka hakuutaja, na Orie hakuuliza.

Aliporudi, alipeleka viatu vyake vikanolewe kama kawaida. Mzee Horiuchi alivipokea kwa mikono miwili.

"Vitakuwa tayari kesho, Bi Sugawa. Samahani kwa kukuchelewesha."

Orie alidhani anamtania. Alingoja mzee amtukane kidogo, amwulize ameviharibu kwa kuzunguka-zunguka wapi. Mzee akaviweka kwenye rafu, akainamisha kichwa, akarudi kwenye hesabu zake. Ikawa hivyo siku zote. Muda wake wa barafu hakumpunguzia hata dakika, vyuma vyake vilikuwa vikali kuliko zamani, na kila neno alilomwambia lilikuwa la heshima, kama la muuza duka kwa mteja wa mbali. Kutoka kwenye mashine hakupiga kelele tena. Aliwasha taa ndogo ya njano kumwonyesha kwamba muda umekwisha, na Orie akatoka.

"Hana hasira," Orie aliniambia mwaka ule. "Ningemwona na hasira ningefurahi. Ananipisha tu."

Alishindana misimu mingine miwili. Taifa hakufika tena. Kila mara aliposhindwa alikaa mpaka mchezaji wa mwisho ametoka, kisha akampigia simu Mzee Horiuchi kwanza, kabla ya baba yake.

"Sikupita, mzee."

"Nimekusikia, Bi Sugawa. Asante kwa kunijulisha."

Kisha akaacha mashindano, kama wengi wao wanavyoacha, bila siku maalumu. Alipata kazi Kushiro, kwa daktari wa meno, akawa mzuri wa kuwatuliza watoto wanaoogopa. Alikuja Otobetsu kwenye mwaka mpya, na mara moja moja majira ya joto. Tulikunywa chai, tuliongea juu ya nyimbo. Bango hatukuligusa. Nilidhani limeshapita kwake, kama lilivyopita kwa mji. Wavulana wa siku hizi hata hawajui kwamba lilikuwepo, na ubao wa chaki umeondolewa, wameweka kioo cha umeme kinachoonyesha matangazo.

Mzee Horiuchi alifariki katika majira ya kuchipua, barafu ikiwa imeshayeyuka katika uwanja wa shule. Orie alikuja siku moja, kwa gauni jeusi la kuazima lililomkaa kubwa. Alichoma ubani mbele ya picha yake, akakaa na mjane wake kwa muda, wala sikuweza kusikia walichozungumza. Baadaye nilimsindikiza kituoni. Wakati ule alikuwa ameshachumbiwa na mtu wa kusini kabisa, na baada ya harusi walihamia huko. Siku hizi tunatumiana kadi za mwaka mpya tu, anaandika kwamba kuna joto na kwamba watoto hawajui theluji. Kwa hiyo sijamsikia tena kwa sauti yake tangu jioni ile.

Tulisimama tukiangalia upande wa shule. Ukutani hapakuwa na kitu. Nikasema kwamba siku ile katika ukumbi alifanya jambo ambalo watu wazima wengi wangeshindwa, na kwamba mzee mwenyewe alijua hivyo. Basi likafika, mlango ukafunguka. Alipanda ngazi ya kwanza, akanigeukia.

"Ningeanza kwake, dada Nobue. Ningekwenda ofisini kwake nikafunga mlango, anitukane mpaka amalize. Ndipo ningewaambia wengine."